Kompyuta ya Mutembei Ina Virusi

Mwaka ule wa tisini na saba, kijiwe cha kahawa cha Klaudia, pale Kashai mjini Bukoba, kilikuwa na benchi moja na wataalamu wa kila kitu. Alikuwepo Ildefons, waliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, na Daktari, ambaye udaktari wake wote aliupata akipulizia dawa migomba kule Maruku. Jioni hiyo kesi ilikuwa ya Mutembei. Kompyuta yake ya michezo, aliyowakodishia vijana katika chumba kimoja, ilikuwa imezeeka, magari ya mchezoni yanakwenda kama yanasukumwa. Fundi wake Harshad, mpwa wa mzee Kanti wa dukani, alitaka jibu kesho: aiongezee nguvu hiyohiyo, au aichukue ampe nyingine?

Lakini Harshad huyo alikuwa ameropoka mbele ya wateja kwamba kompyuta ina virusi. Vijana waliondoka bila kuaga, mmoja akanawa mikono kwa sabuni. Tangu siku hiyo chumba kitupu, na chumba hicho ndicho kilichomlishia Mutembei watoto.

REDIO: Badilisha, waitu. Hiyo imeshakwisha.

MUTEMBEI: Harshad anasema nikiongeza memori itakimbia.

DAKTARI: Mgonjwa umwongezee memori akumbuke nini? Sisi mgomba ukiugua tunang'oa, tunachoma.

MUTEMBEI: Nichome kompyuta?

DAKTARI: Na meza yake.

REDIO: Kwanza, virusi imevipata wapi?

MUTEMBEI: Kwenye diski. Eti iliwahi kuingia kompyuta nyingine huko Kampala.

REDIO: Ngapi?

MUTEMBEI: Sikuuliza.

REDIO: Mae! Diski imezurura Kampala, imelala Masaka na madereva wa malori, wewe unaipokea kwa mikono miwili!

DAKTARI: Na yule panya wake? Kila anayekuja anamshika.

REDIO: Ndiyo maana mimi nilicheza mara moja tu, tena nimevaa koti.

Klaudia alicheka mpaka akamwaga kahawa. Mutembei hakucheka. Watu wanakunywa kahawa na kutaniana, kumbe yeye ndiye anayefilisika. Akasimama, akapaza sauti.

MUTEMBEI: Nisikilizeni! Harshad ana diski ya dawa. Anaiingiza mara moja tu, virusi vyote vinakufa, kesho inaamka nzima. Sibadilishi, sichomi. Inapona!

— Nani anapona?

Wote wakageuka. Alikuwa Kokushubila, dada yake Mutembei, ametoka Kaagya na kikapu chake cha ndizi. Alimzika mumewe kabla ya Pasaka, na tangu hapo gauni lake lilizidi kumpwaya. Benchi zima lilijua ni ugonjwa gani. Hakuna aliyewahi kuutaja.

MUTEMBEI: Kompyuta, dada. Tunaongea habari za kompyuta.

KOKUSHUBILA: Yenye virusi?

MUTEMBEI: Ndiyo.

KOKUSHUBILA: Na vinaisha? Vyote?

MUTEMBEI: Harshad ndivyo anavyosema.

Kokushubila aliweka kikapu chini. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua kweli, na hilo ndilo lililomchoma kaka yake moyo.

KOKUSHUBILA: Kaka, hao watu walioitengenezea kompyuta dawa, sisi hawatujui?

Daktari alitazama barabara. Hata Redio alinyamaza. Mutembei akasogea, akampisha dada yake pa kukaa.