Mzee Audax na Chupa Zisizojazwa

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Audax Kagoma wa maabara anatimiza miaka sitini, na siku hiyohiyo anakabidhi ufunguo alioutunza kwa miaka thelathini na minne. Hospitali yetu haijawahi kuwa na mtumishi aliyekaa muda mrefu hivyo katika chumba kimoja. Wapo waliokuja kazini wakamkuta, wakastaafu wakamwacha. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa madai kwamba mimi ndiye ninayemfahamu vizuri. Ukweli ni kwamba yeye ndiye anayenifahamu mimi, na nitaeleza kwa nini.

Mzee Audax alizaliwa Mbuba, wilayani Ngara. Alifika hapa mwaka 1991 na baiskeli, begi moja na cheti cha maabara alichokuwa amekifunga kwa nailoni mara tatu kisilowe. Wakimbizi walipomiminika Ngara mwaka 1994 alitumwa huko kusoma damu za malaria kwenye hadubini, kuanzia asubuhi hadi jua linazama, kwa miezi saba. Alirudi na barua ya pongezi na jicho la kulia linalojifunga lenyewe kila anapomsikiliza mtu. Wauguzi wageni hudhani anawakonyeza. Mmoja wao aliwahi kupeleka malalamiko kwa matroni, na matroni akacheka mpaka akakaa chini.

Kumbukumbu yake nayo inatisha. Mwaka 2008 mbuzi wa jikoni aliingia maabara akatafuna fomu kumi na moja za vipimo. Sisi wengine tungewachoma wagonjwa upya. Mzee Audax alikaa, akafumba lile jicho, akazitaja fomu zote: jina, kitanda, kipimo, mpaka mwandiko wa daktari aliyeandika. Tulipolinganisha na mafaili hakukosea hata moja. Mbuzi aliliwa Jumapili iliyofuata.

Ana desturi moja ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Kila asubuhi kabla ya raundi hupanga chupa ndogo za damu mezani, moja kwa kila kitanda. Juu ya kila chupa hubandika kipande cha plasta na kuandika jina la mgonjwa, namba ya kitanda na tarehe. Raundi ikiisha, fomu humfikia, naye huchukua chupa zake kwenda wodini. Niliwahi kumwambia anapoteza plasta. Akanijibu kwamba mgonjwa aliyelala hapa anastahili walau kusubiriwa.

Sasa nifike kwenye karatasi ya bei. Mwaka 2019 uongozi ulibandika orodha ya bei za vipimo ukutani mbele ya meza ya kila daktari, iliyofunikwa nailoni, kwa herufi kubwa. Nia ilikuwa njema kabisa. Tulikuwa tumezoea kuandika vipimo kama mtu anayeagiza vinywaji harusini kwa gharama ya bwana harusi, na wanakijiji wa Runazi walikuwa wakiuza mahindi ya chakula ili kulipia majibu ambayo hatukuyasoma. Tukaambiwa: tazameni bei, muwahurumie watu. Hakuna kipimo kilichokatazwa. Karatasi haikusema neno lolote, ilikuwa na majina na tarakimu tu.

Wiki mbili hazikupita, maabara ikanyamaza. Vitanda vilikuwa vimejaa, watu wanakohoa, ndugu wamelala kwenye veranda, lakini mashine ya kuzungusha damu ilikuwa kimya. Ukiingia ulisikia saa ya ukutani. Mezani zilisimama chupa, zimeandikwa vizuri, nyeupe, hazina kitu. Mzee Audax alileta rejesta kwenye kikao cha asubuhi akatuonyesha: vipimo sitini kwa siku vimekuwa ishirini na vitatu. Tulishangaa kwa dhati. Kila mmoja wetu aliapa kwamba anaandika vilevile kama zamani. Dkt. Bernadetha alisema labda wagonjwa wamepungua, na hapo tulikuwa tumelaza wawiliwawili.

Ni kweli kwamba baadhi ya vipimo vilivyopotea havikuwa na kazi, na Mzee Audax alikuwa wa kwanza kukiri. Kilichomsumbua ni kwamba hakuna aliyekuwa anachagua kwa kujua kipi cha kuacha. Chupa zilizorudi tupu hakuzitupa. Alizipanga kwenye rafu ya dirishani, moja baada ya nyingine, na plasta zake. Malori ya mpakani Rusumo yakipita barabarani zilitetemeka zote na kutoa sauti nyembamba, ya kugongana taratibu. Tukaizoea. Kisha mhudumu wetu wa usafi, Mama Secilia, akaanza kukataa kufagia humo peke yake. Alisema zinalia hata pasipo lori. Tulimtania sana kwa hilo, mimi nikiwa mstari wa mbele.

Agosti mwaka huohuo alilazwa mzee mmoja wa Bisibo aitwaye Nshoma, Msukuma, familia yake ilihamia kutoka upande wa Shinyanga. Alikuwa anatapika, amevimba miguu, anasinzia katikati ya maneno. Alivaa koti lililochanika bega na katambuga za tairi zilizolika kisigino. Daktari wa wodi ya wanaume alimpima, akaandika malaria na vidonda vya tumbo, akampa dawa pamoja na sindano za maumivu, ambazo figo zilizochoka hazizitaki kabisa. Mzee Audax alikwenda kwa daktari huyo akiwa na chupa mkononi. Alisema, "Daktari, hii ya kitanda cha tisa imerudi tupu, na mzee ana miguu mibaya." Daktari akamjibu, "Iache tu, mzee."

Daktari huyo ndiye anayeandika wasifu huu.

Mzee Nshoma aliruhusiwa siku ya tatu. Siku ya tano alifariki nyumbani kwake. Sisi hatukujua. Wiki mbili baadaye binti yake, Happyness, alifika maabara amefunga kitambaa cheusi. Aliamkia, "Shikamoo," Mzee Audax akaitikia marahaba, na binti akasema, "Nimefuata majibu ya baba. Tulimzika kabla hatujayachukua." Alitaka kujua baba yake alikuwa anaumwa nini, maana wadogo zake walikuwa wameanza kumtazama mama yao mdogo vibaya, naye alikuwa ameshatajwa kuwa mchawi. Alikuwa na hakika kwamba majibu yapo. Nani angelazwa hospitali siku tatu asipimwe?

Wengi wetu tungesema faili limepotea. Mzee Audax alikwenda dirishani, akanyoosha mkono bila kutafuta, akamletea chupa. Binti akasoma jina la baba yake. Akaigeuza kwenye mwanga. Kisha Mzee Audax akamleta ofisini kwangu, akafungua faili mbele yetu wote watatu.

Naliona mpaka leo. Kwenye orodha ya vipimo palikuwa na neno "figo", mwandiko wangu, na juu yake mstari mmoja ulionyooka, wino wangu. Sikukumbuka kuuchora. Sijakumbuka mpaka leo. Nilikumbuka kitu kimoja tu, macho yangu yakitoka kwenye karatasi ya ukutani kushuka kwenye zile katambuga. Shilingi elfu kumi na mbili, bei ya kipimo cha figo. Nilimwambia binti kwa sauti ya chini kwamba nilidhani baba yake hana uwezo.

Happyness akasema, "Baba ana ng'ombe themanini na nne." Hakusema "alikuwa nao". Hakupandisha sauti. Yeyote aliyekaa na wafugaji wa Bisibo anajua kwamba mwenye ng'ombe themanini ndiye anayevaa hivyo, na mimi nilikuwa nimekaa nao zaidi ya miaka kumi. Nikaanza kuomba radhi kwa kumdhania vibaya, kwamba laiti ningejua mali yake ningempima. Ndipo Mzee Audax akafumba lile jicho lake na kuuliza swali ambalo nimekula nalo na kulala nalo.

"Na kama kweli asingekuwa nao, daktari?"

Niliandika barua kwa mkono wangu, nikaeleza kwamba mzee huenda alikufa kwa ugonjwa wa figo ambao mimi sikuupima, na kwamba hakuna mtu aliyemroga. Mzee Audax alipanda pikipiki mpaka Bisibo kuisoma mbele ya ukoo, kwa Kiswahili, na kijana mmoja akatafsiri Kisukuma. Mama mdogo yule yuko hai. Kama Mzee Audax asingefanya kazi nyingine yoyote katika miaka thelathini na minne, hiyo ingemtosha.

Orodha ziliondolewa mwanzoni mwa 2020, bei zikahamia dirisha la malipo, na kwa mgonjwa asiye na uwezo anaitwa ofisa ustawi wa jamii, siyo kalamu ya daktari. Lakini ukutani kwangu palibaki alama ya mraba pale ilipokuwa karatasi. Fundi Celestini amepaka rangi mara tatu, na kila masika inarudi. Wenzangu wanaoketi chumbani humo huitazama kabla ya kuandika. Nami huitazama. Dkt. Joyceline aliajiriwa 2023, hajawahi kuiona karatasi ile wala hakuwa amesimuliwa, na Februari nilimkuta amesimamisha kalamu hewani, macho pale pale. Nilipomuuliza anaangalia nini, alisema haangalii kitu.

Wiki iliyopita Mzee Audax aliisafisha rafu. Chupa mia mbili na kumi na nne alizibandua plasta, akazichemsha, akazirudisha kazini. Moja hakuichemsha. Alikuja nayo chumbani kwangu na kipande cha ubao na misumari miwili, akagongomea ubao katikati ya ile alama ya mraba, akaisimamisha juu yake. Nshoma, kitanda cha tisa. Mimi nilimshikia misumari.

Tangu siku hiyo, ninaposimamisha kalamu, macho yangu yakienda mahali pale hukuta jina. Jana chupa hiyo ililia, sauti ileile nyembamba. Nilichungulia nje na barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Nilirudi mezani nikatazama fomu iliyokuwa mbele yangu, ya baba mmoja wa Runazi, na nikaona mstari umeanza kuchorwa juu ya neno. Nikaliandika neno upya.

Mzee Audax, asante kwa kutuhesabu hata pale tulipodhani hakuna anayehesabu. Nenda Mbuba ukalime maharage yako, ule, ulale, jicho lipumzike, Mungu akuongezee miaka. Kesho asubuhi mtu mwingine atapanga chupa mezani, moja kwa kila kitanda. Usiwe na wasiwasi nazo. Tutazijaza.

Dkt. Danstan Kabyemela
Wodi ya Wanaume