Kuku Yangu Inaenda Kwa Bahindi

Weye, acha kukunja midomo. Sijaanza bado, na tayari uko na uso ya muntu mwenye anasikia bongo, uongo mutupu. Ndiyo, masomo niliishia darasa ya sita kwa bamasista, lakini macho na masikio sikubiachia kule. Kama hautaki kuamini, enda uulize Mbambu. Ule mwanamuke hajue kusema bongo, ata wakati anauzisha.

Siku ile mvua ilikuwa inapiga Katuba, mutaa yetu, na kisirani, na banc, kiti murefu ya bazee, yenye inaikalaka inje ku barza ya depot, duka ya Muhindo, balikuwa baliiingiza ndani, katikati ya mifuko ya sukari na makartoni ya sabuni. Muhindo njo mwenye depot, muntu wa Butembo. Tunamuitaka Dubai, juu alifikaka kule mara moja na mu masemi yake hajarudi bado. Bibi yake, Mbambu, njo anatupikiaka kahawa ya kwao. Ku banc kulikuwa Godefroid, jina yake Cravate, mutoto ya clerc, karani ya reli. Ile cravate, tai ya ku shingo, ninazani anaogaka nayo. Na Séverin, tunamuita Radio, juu yeye anasema ata pasipo courant, pasipo umeme. Miye nilikuwa natoka kwa fundi ya kushona, Dieumerci, na kikwembe yangu na libaya yake, blauzi ya juu, mu sachet. Kesho nilikuwa napanda ndeke. Bénie, mwana ya binti yangu, anaolewa kule Inde, kwa Bahindi, na kijana wa kule mwenye balisoma naye, na visa ilitoka paka moja tu: yangu. Jamaa yote ya upande ya mwanamuke, ku ile ndoa, ilikuwa miye peke.

— Onyesha basi, Nkambo Mwaba, mama muzee wetu, tuone, Cravate akasema.

Nikafungula sachet. Kikwembe ya kijani: kuku mama, bitoto byake, na mayayi, kutoka juu mpaka chini. Njo uniforme yenye jamaa ilichagula. Siku ya ndoa banamuke betu bote, ba Katuba, ba Kampemba, ba Ruashi, batavala paka ile, bacheze huku, na miye niivale kule.

— Lakini kuko neno, nikasema. Bénie alinitumia message asubui. Mama-mukwe anauliza: anitayarishie sari, ile nguo yao ya kuzungusha muntu, ao nitavala yangu? Anangojea jibu leo.

— Sari! Cravate akaruka. Ao tailleur na chapeau, sawa bibi ya kizungu. Lakini kuku, jamais! Batasema tunalalaka mu kibanda ya kuku. Bazee balisema: ukiingia mu muji ya benye jicho moja, funga yako moja.

— Godefroid, miye niko na moja tayari, ile ingine cataracte, mutoto ya jicho, ilishaka kuikula. Nikifunga yenye inabakia, bibi-arusi nitamuona na nini? Na pua?

Mbambu akacheka mpaka kahawa ikamwangika.

— Musikie muntu mwenye alitembea, Dubai akasema. Kule mwanamuke anafunikwa yote. Paka macho njo inabakia.

— Kule wapi?

— Dubai.

— Miye naenda Inde.

— Iko njia moja. Ndeke inapitaka pale.

— Na muntu ya kwenda Likasi anavalaka nguo ya chauffeur, juu njo anamubeba?

— Mabega, Nkambo, Mbambu akasema, akimimina. Mabega tu.

— Bénie alisema vile vile: mabega ifunikwe, na bilatu ya kutosha mbio, juu kuko pahali banaingiaka miguu wazi. Libaya yangu iko na mikono mpaka hapa. Ya heshima nilishamaliza na mutoto. Sasa tunasema juu ya kuku.

— Na rangi? Cravate akauliza. Nyeupe, kule, ni ya kilio.

— Hii iko nyeupe?

— Nyekundu ni ya bibi-arusi, Dubai akasema.

— Nyeusi inaleta mukosi, Radio akaongeza. Na kijani… kijani sijue bado, lakini haiwezi kukosa neno.

— Basi nitavala maji.

Radio akainua kidole. Akiinuaka ile kidole, ujue umepotea.

— Munasahau kintu ya kubwa. Ile jamaa ya bwana-arusi habakulake nyama. Ni vile, Nkambo?

— Ni vile.

— Na weye unabafikia na kuku ku matako!

Ata Mbambu akashusha birika.

— Séverin, kuku yangu haikupikwa. Inatembea na bitoto byake. Muntu mwenye hakulake kuku, na weye mwenye haubakishake ata mufupa, nani njo rafiki ya kuku?

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Ile inaingia wapi?

— Inaingia. Na tena, ku douane, pale banafungulaka mizigo, bataona ile kuku yote, batauliza certificat ya vaccin, ya chanjo. Utabakia mu quarantaine na mayayi yako, ndoa ipite. Sari haina ile mateso.

— Sari inakamatwa na pini moja, Dubai akasema. Mi niliona. Unapiga chafya moja, umekwisha. Mbele ya bakwe!

— Afazali chafya kuliko kuku, Cravate akajibu.

Bale bazee ni bajinga, ile tunajua. Lakini ujinga ikirudiliwa sana inatafuta pahali ya kuikala mu kichwa. Nilijiona mu ile salle yao: kuku yangu peke katikati ya sari yote ile, na Bénie anainamisha macho mbele ya bakwe bake. Ndoa ni ya mutoto, haiko ya kiburi yangu. Nikakamata simu. Nilikuwa natafuta paka sauti ya kusema: ndiyo, sari.

Pale pale Martine akaingia, bibi ya fundi ya mapikipiki, mwenye alihamia ku avenue yetu juzi. Parapluie, mwamvuli yake, inatonya, anatafuta sukari. Akangojea, akasikiliza, akaangalia kikwembe yangu.

— Samahani, bazee. Kama Nkambo anavala sawa bo, bale bantu batajua na nini kama bibi-arusi iko na bantu bake?

Cravate akagusa cravate. Dubai akaanza kusoma bei ya sukari, yenye aliandika yeye mwenyewe.

Nikafinya simu, nikasema mbele yabo bote:

— Bénie, ambia mama-mukwe aksanti sana. Sari anitayarishie, nitavala siku ya pili, na anizungushe yeye mwenyewe, nisianguke. Siku ya ndoa nakuya na yetu. Akiona muzee mwanamuke anaingia na kuku, ajue jamaa ya Bénie imefika, yote. Na kikwembe ingine iko mu valise, ni yake. Akitaka avale. Asipotaka, atandike ku meza.

— Na kama habatapenda? Cravate akauliza, sasa pole pole.

— Bataniangalia. Njo yenye naendea.

Nikakunja kikwembe yangu, nikaifunga muzuri juu ya mvua. Mbambu akainamisha birika: kahawa ilikuwa imekwisha. Radio akainua tena kidole:

— Lakini Nkambo, sikia, ile mayayi…

Nikatoka, nikamufungia mulango na mayayi yake.