Bwana Mawingu na Mfereji wa Bati Lake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtu aliyeshindwa kukaa kitini wingu likitanda. Tulimwita Bwana Mawingu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mwangalizi wa mabwawa ya kusafishia majitaka. Miaka ishirini na sita.

Wingu likitanda tu, anasimama, anakaa, anakwenda dirishani, anarudi, kama kuku anayetafuta pa kutaga. "Chai inapoa, mtu roho juu," anasimulia mkewe. "Namwambia keti, ananijibu, dada yangu yuko bondeni."

Dada yake mdogo alikaa mtaa wa chini kabisa. Mvua kubwa ikinyesha, mabwawa yalijaa, chemba za mabomba ya majitaka zikafumuka, na uchafu wa mji mzima ukaingia jikoni kwake. Mwaka mmoja alilazwa kwa kuharisha, nusura wampoteze. Ndipo kaka mtu akaanza kudai bwawa la tatu. Aligonga milango ya ofisi mpaka makarani wakawa wanajificha wakiona kofia yake. Baada ya miaka tisa bwawa likajengwa.

Mvua ya kwanza, likajaa nalo.

Alitoka mvuani akafungua chemba moja baada ya nyingine, kutoka bondeni kwenda juu, akitafuta maji yote yale yanatoka wapi. Yalikuwa maji ya mvua, ya kwenye mabati ya watu. Chemba ya mwisho ilikuwa uani kwake. Mfereji wa bati lake ulimwaga humo humo, na aliuunga mwenyewe mwaka aliooa, ili ua usiwe na tope.

"Nyani haoni kundule," mkewe akamtania. Bwana Mawingu alikaa topeni akalia. Kisha akachukua msumeno, akaukata mfereji ule.

Toka siku hiyo alipita nyumba hadi nyumba, msumeno mkononi. "Mimi nilikuwa namfurikisha dada yangu. Wewe je?" Wengine walimfungulia mbwa. Alizimaliza nyumba zote mia mbili na kumi, kisha moyo ukamsimama, wiki mbili kabla ya mvua.

Jumatano iliyopita mvua ilinyesha kutwa. Dada aliweka godoro juu ya meza, akakaa juu yake akisubiri. Ilipokatika alishuka, akagusa sakafu. Kavu. Mkono ukachukua simu wenyewe, ukampigia kaka. Akapokea mjane.

"Wifi," dada akasema, "nilitaka kumwambia sakafu ni kavu."

Kwa mjane, kwa dada, poleni sana. Tunalia nanyi. Nawe unayesikiliza, toka utazame mfereji wako unamwaga wapi. Mimi juzi nilitazama wangu. Nimeshaazima msumeno.