Paka Asiyecheua

Kwenye Noah ya abiria niliyopanda kutoka Uru, dada mmoja alipakata kikapu chenye paka wake aliyemeza sindano. "Binti, mshushe kwa bwana mifugo wetu, hapo mbele," mzee aliyekaa naye alimsihi. "Ametibu ng'ombe wangu wote." "Babu, huyu ni paka. Namwahisha kwa daktari wa mjini." "Mtafika ameshakufa! Ngoja nimpigie."

Akaweka spika. Sauti ikauliza kwa upole, "Anacheua?"

"Hacheui," mzee alijibu kwa huzuni.

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe!" dada alifoka.

Sauti ya simuni ikaguna, "Basi hali ni mbaya. Mleteni haraka."

Niliinama nisicheke. Paka akalia, nikaona aibu. Gari likasimama kwa bwana mifugo. Dada alishusha mguu mmoja, wa pili ukabaki garini.