Ile Bendera Ilishuka kwa Nani

Kambu, pale lami ndogo inapoachana na barabara kuu ya Mombasa na kuingia ndani mashambani, kuna benchi la mbao mbele ya duka la spea. Kavindu huleta birika lake la kahawa ya tangawizi pale malori ya asubuhi yakishapungua, na siku zote huwakuta wenye benchi wameshafika. Mwenye duka ni Mbogo, mtu wa Murang'a aliyekuja kujaribu biashara akazeekea huku, na jina lake la kijiweni ni Injinia. Nthiwa aliwahi kushinda kesi ya mpaka wa shamba bila kusaidiwa na mtu, kwa hiyo yeye ni Wakili. Wa tatu ni Nzioka, anayeitwa Bendera. Jina hilo alilipata lami ndogo ilipokuwa inajengwa, alipoajiriwa kusimama juani na kitambaa chekundu kwenye kijiti. Akikiinua, kila mtu anasimama, wenye magari na watembea kwa miguu. Akikishusha, akina mama na mbuzi waliokuwa wakingoja ukingoni wanavuka kwanza, magari yanafuata. Lami ilipokwisha, kontrakta akaondoka, Nzioka akabaki na kitambaa. Na vijana wa bodaboda walipoanza kushindana Jumapili mchana, kutoka kwenye kalvati hadi njia panda ya kanisa, hawakutafuta mtu mwingine wa kuwaachilia.

Alhamisi moja benchi lilikuwa na jambo moja tu. Jumapili mbio zilikuwa zimeharibika. Ben na Musembi walitoka bega kwa bega, na katikati ya safari mama mmoja mwenye mtungi wa maji mgongoni akaingia barabarani. Ben alimpiga kwa usukani, wakaanguka wote wawili. Ben aliinuka. Mama yule alichukuliwa na gari la mboga hadi hospitali, mguu umevunjika.

— Marudio ni lazima, Injinia alisema akipuliza kahawa. Ben alikuwa mbele tairi nzima. Kila mtu aliona.

— Kila mtu nani? Wakili akamuuliza. Musembi ndiye alipita laini. Kwa sheria, mwenye amepita laini ameshinda. Huyo mwingine akianguka, ni bahati yake.

— Lakini hakuanguka bure. Aligonga mtu.

— Kwa sheria ni kitu moja.

Nzioka alikizungusha kikombe mkononi.

— Bendera, si wewe ulikuwa pale mwanzo? Injinia akamgeukia. Nani alichomoka wa kwanza?

— Sikuona.

— Aki huyu mzee. Kazi yako ni moja tu, na hukuona?

Ni kweli Nzioka hakuona nani alichomoka. Macho yake yalikuwa mbali zaidi, pale kijia cha kioski ya maji kinapotokea, ambako mama mmoja alikuwa amesimama ukingoni, amejikunja kidogo kwa uzito wa mtungi, ukanda umembana paji la uso. Alikuwa akimtazama yeye. Nzioka alimwona vizuri kabisa, akajiambia kwamba mama huyo atangoja. Kisha akashusha mkono. Jambo hilo hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe.

— Na ile bango ya spidi hamsini iko pale shuleni, Kavindu akasema akimwongezea Wakili. Haiwahusu hao vijana wenu?

— Ile ni ya gari, Wakili akasema. Soma vizuri. Imeandikwa namba peke yake. Haijataja pikipiki. Sheria isipokutaja haiwezi kukushika.

— Hata wangetaja, Injinia akadakia. Mbio fupi kama hii haina spidi. Spidi inataka nafasi. Kabla pikipiki ishike spidi yenyewe, umeshafika mwisho. Hapo katikati ni kelele tu.

— Kwa hivyo ni kelele ilivunja mguu wa mama wa watu.

— Sikusema hivyo, Kavindu. Mimi nikikwambia chenye kilifanya, hutaamini. Ni treni.

— Treni?

— Ilipita kule juu kwenye reli wakati huo huo. Treni ikipita inavuta hewa. Pikipiki ni chuma nyepesi, nayo ikavutwa. Ndio maana Ben alienda kushoto. Mtu ameuza spea kama mimi anajua chuma ikivutwa inafanya nini.

— Injinia, treni iko mbali mpaka huwezi kuona watu dirishani.

— Hewa haitumii macho.

Wakili alicheka kwa dharau. Hakupenda mwenzake awe na sababu kubwa kuliko yake.

— Wacha treni. Mimi nimeichunguza hii maneno. Ni mtungi. Mtungi wa plastiki ukijaa maji unakuwa kama kioo. Jua lilipiga ule mtungi likarudi kwa macho ya Ben, kijana akawa kipofu kidogo. Sasa jiulize, kwa nini huyo mama alitokea saa hiyo hasa?

— Kwa sababu maji hufunguliwa saa hiyo, Kavindu akasema.

— La. Watu wa kanisa wamelalamika kelele tangu mwezi ule mwingine. Walifunga wakaomba mbio ziishe. Umeona maombi mangapi yakijibiwa haraka hivyo? Huyo mama hakuvuka, huyo alitumwa.

Injinia alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye suruali. Hata Nzioka alitoa kicheko kidogo kwa pua, kwa mazoea ya benchi, na papo hapo akatamani angeweza kukirudisha.

Hawakumwona mgeni mpaka alipoegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa duka. Alikuwa mwanamume wa makamo, viatu vimejaa vumbi jekundu, na kwenye keria amefunga mfuko wenye leso na nguo za kike zilizofuliwa. Akawasalimu kwa Kikamba, mmoja mmoja, kwa kuwashika mkono.

— Naulizia mzee anaitwa Bendera. Nimeambiwa hukaa hapa.

— Ndiye huyu, Injinia akasema. Karibu, boss. Kavindu, mpe kikombe.

Mgeni alikaa mwisho wa benchi, akapokea kahawa kwa mikono miwili.

— Mimi naitwa Mwau. Natoka huko ndani. Mumbua ni mke wangu. Yule aligongwa.

Wakili alianza kuifuta suruali yake, ambayo haikuwa imemwagikiwa na kitu.

— Pole, Kavindu akasema. Mama anaendeleaje?

— Ako. Wameweka chuma kwa mguu. Maumivu amezoea. Chenye kinamsumbua ni kingine. Mwau akamgeukia Nzioka, bila ukali wowote. Mzee, watu wakienda kumwona wanamwambia alivuka vibaya. Mama yangu pia anasema hivyo, ati hana macho. Yeye anasema alingoja. Anasema bendera ilikuwa juu, akangoja, ikashuka ndio akavuka, vile ulikuwa unawavusha wakati wa lami. Amenituma nikuulize tu. Ile bendera ilishuka kwake, ama ilishuka kwa pikipiki?

Lori lilipita barabara kuu likifunga breki. Hakuna aliyetazama kule.

— Unajua, Wakili akaanza, kwa sheria, bendera ya mashindano na bendera ya...

— Nyamaza, Nthiwa, Kavindu akamwambia.

Nzioka aliweka kikombe chini, katikati ya miguu yake. Alitaka kusema kwamba alipiga kelele. Kweli alipiga, mama alipokanyaga lami, lakini injini zilikuwa zimeshameza kila sauti. Alitaka pia kusema kwamba alikuwa mbali. Alipofungua mdomo, yote hayo aliyaona madogo.

— Ilishuka kwa pikipiki, akasema.

Mwau alitikisa kichwa polepole.

— Basi alikosea.

— Hapana. Hakukosea. Ni mimi nilimfundisha.

Hakuweza kumtazama mtu yeyote aliposema hivyo. Injinia, aliyemjua miaka yote hiyo, alikuwa akimtazama kama mtu ambaye wamekutana naye leo.

— Nitamwambia, Mwau akasema. Itamsaidia. Alikuwa ameanza kuamini hana akili.

Wakili hajawahi kuvumilia kimya.

— Mwambie tunampa pole sana. Sisi hapa tulikuwa hata tunapanga... Akasita.

— Mnapanga nini?

Wakili akamwangalia Injinia, Injinia akaangalia birika.

— Ni marudio, Injinia akasema mwishowe. Vijana hawakubaliani nani alishinda. Ni Jumapili tu. Mchana, dakika kidogo.

Mwau hakuinua sauti. Alifikiri kwanza, kama mtu anayepanga kazi zake za nyumbani.

— Kioski inafunguliwa Jumapili mchana. Sasa Mumbua akiwa hospitali, maji nitachota mimi. Nivukie wapi?

Alikuwa anauliza kwa kweli, kama mtu anayeuliza njia. Alimngoja Injinia. Injinia aliitazama lami ndogo kutoka kwenye kalvati hadi kule inakopotea. Akamngoja Wakili. Wakili, mwenye vifungu vya kila jambo, aliinama akafunga kamba ya kiatu. Miezi yote hiyo walikuwa wamepima umbali, wakachora laini ya chokaa, wakachagua mahali pa kusimama ili waone vizuri. Mahali pa mtu kuvuka, hakuna aliyekuwa amepataja.

Mwau alimaliza kahawa, akamshukuru Kavindu, akaomba aiache baiskeli pale hadi jioni. Kisha akatoa mfuko kwenye keria akaelekea steji.

Nzioka aliinuka.

— Bendera, unaenda wapi? Injinia akamwuliza.

Alimfuata Mwau, wakapanda gari moja hadi hospitali, wakakaa kiti kimoja. Wodi ilikuwa imejaa, harufu ya dawa na uji. Mumbua alikuwa kitanda cha dirishani, mguu umeinuliwa. Alipomwona mzee akiingia nyuma ya mumewe alimtambua mara moja, akashika chuma cha kitanda, akajaribu kujiinua ili amsalimie kwa heshima inayompasa mtu mzima.

— Usiinuke, Nzioka akasema. Tafadhali, mama, usiinuke.

Lakini yeye alikuwa ameshanyoosha mkono.