Mawe ya Baba Yake Mogesi

Basi lilikuwa linakaribia stendi ya Tarime, na Robi alikuwa anacheka kimoyomoyo tangu Mugumu. Kiti cha mbele yake, Opondo alikuwa bado anamdai Mogesi fidia ya shamba la Mbalibali alilokodi kwake.

“Nilikuta mawe matupu, mzee. Nikayang'oa, nikayajengea matuta, nikachimba kisima. Ulisema nikiondoka utanifuta jasho.”

“Nilisema,” Mogesi akakubali bila haya. “Nilidhani utachoka mapema. Na mawe ya baba yangu uliyahamisha kwa ruhusa ya nani?”

“Si ndiyo yanashika udongo wako!”

“Yarudishe kwanza ulikoyakuta, halafu tuzungumze.”

“Mashahidi wapo. Walikula mbuzi wa makubaliano.”

“Walikula mbuzi wangu. Unadhani watasema nini?”

Robi akatikisa kichwa. Watu wazima hawa, hata karatasi hawakuandikiana! Simu yake ikaita. Shemeji yake, aliyekuwa anampa shamba la kupanda miparachichi, aliuliza kama aite mwenyekiti wa kijiji waandikishane.

“Tuandikishane sisi, shemeji? Kwani tumekuwa watu baki?” Robi akacheka kwa sauti. “Wewe mchinje tu yule mbuzi.”

Opondo na Mogesi wakageuka kumtazama, safari hii wakiwa kitu kimoja. Basi likasimama.