Sahani Moja Tu, Lakini Kubwa

Risala ya wafanyakazi wa shule ya watoto, iliyosomwa na mpishi mkuu siku ya kukabidhiwa sahani

Mgeni rasmi, ofisa uliyeongozana naye, mwalimu mkuu, wazazi, na wengine wote kwa vyeo vyenu na viti vyenu.

KARIBU SANA

Sisi walimu, wapishi na walinzi wa shule hii tunakukaribisha kwa mikono miwili. Risala hii ilikuwa isomwe na mwalimu wa jiografia, maana ndiye chanzo cha shughuli yote. Amekataa katakata. Anasema akisoma atacheka, na akimaliza kucheka atalia. Basi tumemsimamisha mpishi, kwa kuwa jambo lenyewe limeshakuwa la vyombo.

HISTORIA

Mgeni rasmi, ardhi tuliyoikalia haijatulia. Mwalimu alitueleza hata sisi wa jikoni tukaelewa. Katikati kabisa ya dunia kuna kiini chenye joto la kutisha. Juu yake kuna mwamba mzito, nao una joto, unajivuta taratibu mno. Juu ya huo ndipo lilipo ganda gumu tunalolikanyaga, jembamba kama utando juu ya sufuria ya maziwa. Ganda hilo si kipande kimoja, ni mapande makubwa makubwa, na yanasogea. Kuna wanaoyaita mabamba, kuna wanaoyaita sahani. Mwalimu wetu, Mungu amsamehe, katika risala ya mwaka jana alichagua sahani.

Alisema hivi: "Sahani iliyo chini ya shule yetu inapasuka, tunaomba msaada wa haraka." Ofisa akampigia simu.

"Zimepasuka sahani ngapi?"

"Moja tu, mkuu, lakini ni kubwa."

"Moja! Ya udongo au ya plastiki?"

"Ya mwamba, mkuu."

"Hee! Nani kaipasua?"

"Hakuna mtu. Inavutwa huku na huku."

"Basi hao wanaoivuta wapewe onyo kali."

Ndiyo maana leo umetuletea makasha ya sahani zenye maua pembeni. Ni nzuri, jamani, hatuwezi kusema uongo.

MAFANIKIO

Chumba cha watoto wa awali kilijengwa kimoja, na sasa kinaelekea kuwa viwili bila kuongezwa tofali hata moja. Ufa umeanzia mlangoni, ukapita sakafuni wanapolala mchana, ukapanda ukutani mpaka darini. Fundi mliyemtuma aliuziba, ukafunguka. Akauziba tena, ukafunguka tena. Mwisho alikusanya vifaa vyake akasema, "Huu ufa unanidharau," akaenda zake.

Juzi ukuta ulipakwa rangi kwa heshima yako. Ufa haukuwa na adabu hata ya kusubiri uondoke. Asubuhi hii umeshachungulia.

CHANGAMOTO

Wiki iliyopita donge la ukuta liliangukia mkeka wa watoto. Bahati walikuwa nje wanacheza. Hapa, mgeni rasmi, hatutanii. Tuliukung'uta ule mkeka, na dada yetu anayewalea akawahesabu watoto mara tatu.

Kule nyuma ya uwanja kuna ukumbi mpya, na mwalimu ameukagua, ufa haupiti huko. Umekamilika, umepigwa kufuli. Tuliomba watoto wahamie, tukaambiwa unasubiri mgeni rasmi wa kukata utepe. Kila mgeni rasmi akija tunaambiwa huyu siye: huyu ni wa miti, yule ni wa madawati. Wewe, tumeambiwa, ni wa sahani. Tulipouliza kama watoto waendelee kulala juu ya ufa, ofisa alijibu, "Si mmesema wenyewe kwamba unaenda taratibu?"

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi, tumeyafuta. Limebaki moja, na kabla ya kulitoa tunaomba radhi.

Kama umeona risala ni ndefu, na mpishi anayavuta maneno, sababu ni kwamba watoto wadogo hawatembei haraka. Wakati unatusikiliza, mlinzi ameshalikata kufuli. Mwalimu wa jiografia na dada yetu wamewapitisha watoto nyuma ya hema lako, mmoja mmoja, kila mtu na mkeka wake kwapani. Utepe hatujaugusa, wallahi. Wamepita chini yake, maana ni wafupi.

Ombi letu ni hili: huyo mgeni rasmi wa utepe atakapopatikana, mwambieni aingie polepole. Watakuwa wamelala.

Mungu akurudishe salama kwako, na nyumba yako aiweke mahali ambapo ardhi haigombani.

Ni sisi, walimu, wapishi na walinzi wa shule ya juu ya ufa.